Nafasi ya Viunzi na Vielelezo katika Uchanganuzi wa Shughuli

Utangulizi

Katika miongo michache iliyopita mashirika mengi nchini Kenya, yakiwemo mahospitali, vyama vya akiba na mikopo, idara za serikali na vyuo vikuu vyenyewe, yamehamisha shughuli zao kutoka kwenye majalada na kuzitia katika tarakilishi na rununu. Uhamisho huo umezua kazi ambayo zamani haikuwa na jina: kazi ya mtu anayesimama kati ya wenye shughuli na waundaji wa programu, akisikiliza upande mmoja na kuufafanulia upande wa pili. Mtu huyo huitwa mchanganuzi wa shughuli. Wako wanaopendelea kumwita mchanganuzi wa biashara, lakini neno biashara linapotosha, kwa sababu hospitali ya umma au maktaba ya chuo haichuuzi kitu, ilhali nayo huhitaji huduma ya mtu kama huyu. Taaluma yenyewe ilipata chama chake cha kimataifa mwaka wa 2003 kule Toronto, Kanada, na mwongozo unaotolewa na chama hicho, ambao toleo lake la tatu lilichapishwa mwaka wa 2015, unautaja utengenezaji wa vielelezo miongoni mwa mbinu za kazi hiyo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, huenda suala hili likaonekana kuwa la watu wa idara nyingine. Sivyo. Malighafi ya mchanganuzi ni lugha. Hupokea maneno ya watu, huyageuza kuwa maneno mengine, na makosa yanayogharimu zaidi katika kazi yake ni makosa ya maana: karani anasema neno kwa maana moja, mwanaprogramu analisikia kwa maana nyingine, na wote wawili wanatia sahihi waraka uleule. Makala haya yanaeleza zana mbili zinazotumiwa kukabiliana na tatizo hilo, yaani kiunzi na kielelezo: jinsi zinavyofanya kazi, mahali zinapofaa, na mahali zinapodanganya.

Istilahi

Kiunzi cha skrini, ambacho wanataaluma wengi hukiita wayafremu, ni mchoro wa mistari mitupu unaoonyesha kitakachokuwa kwenye skrini: kichwa kiko wapi, nafasi za kujaza ni zipi, vitufe ni vingapi, na kila kitufe humpeleka mtumiaji wapi. Hakina rangi, hakina picha, wala hakina mapambo. Jina lake la kigeni linatokana na michoro ya tarakilishi ya vitu vya pande tatu ambavyo vilionyeshwa kwa mistari tu, mithili ya vitu vilivyosukwa kwa waya. Neno kiunzi linaifaa dhana hii, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili tayari analijua kutokana na viunzi vya majengo na vya vyombo vya baharini, na mwanafunzi wa uzamili analijua, pengine kuliko alivyotaka, kutokana na kiunzi cha nadharia.

Kielelezo, au prototaipu, ni hatua ya mbele. Hiki ni kitu kinachotenda, au angalau kinachojifanya kutenda: mtumiaji hugusa sehemu fulani na jambo fulani hutokea. Wanafunzi wa semantiki watakumbuka kwamba wao hulitumia neno prototaipu kwa maana tofauti, ile iliyoenezwa na Eleanor Rosch katika miaka ya 1970, ya kitu kinachowakilisha aina yake kuliko vingine vyote. Katika uchanganuzi wa shughuli, prototaipu si kitu bora cha aina yake. Aghalabu ni kibovu kuliko vyote vitakavyokifuata, na ubovu huo una faida, kwani hakuna mtu anayeona haya kukikosoa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini maelezo ya maandishi yasitoshe. Mafundi wa majahazi wa Lamu wamejenga vyombo vizazi kwa vizazi bila kuchora ramani kwenye karatasi. Fundi hupima kwa jicho na mkono, na chombo hushuka majini kikaelea. Hilo linawezekana kwa sababu fundi na mwenye chombo wamekulia mahali pamoja. Neno jahazi linapotamkwa, picha iliyo akilini mwa huyu ndiyo iliyo akilini mwa yule. Mfumo mpya wa tarakilishi hauna picha ya pamoja ya namna hiyo. Mwenye shughuli hajawahi kuuona, na mwanaprogramu hajawahi kuiona shughuli. Maneno yanayopita kati yao hayana kitu cha kushikia.

Chama cha wakulima: mfano wa kubuni

Chukulia chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa majani chai, chenye wanachama elfu kadhaa ambao wengi wao wana simu za kawaida, zile za vibonye. Chama hiki ni cha kubuni, lakini mambo yanayosimuliwa juu yake ni ya kawaida katika vyama vya aina hiyo. Kamati imeamua kwamba mwanachama aweze kuomba mkopo bila kupanda matatu hadi ofisini. Mchanganuzi, kijana aliyetoka chuoni juzijuzi, anaandika hitaji hili: mwanachama ataweza kuomba mkopo kwa simu na kutaja wadhamini wasiopungua watatu. Kamati inasoma, inaafiki, na waraka unapitishwa. Sentensi ni fupi, ni sahihi kisarufi, na haina utata wowote unaoonekana.

Kabla ya kumkabidhi mwanaprogramu waraka huo, kijana anakata kadi ngumu, anachora kwenye kila kadi skrini moja ya simu na kuandika maneno yatakayoonekana humo. Katika mkutano unaofuata anamwomba mweka hazina, mama wa makamo ambaye amekuwa mwanachama tangu chama kianzishwe, awe mwombaji wa mkopo. Kijana mwenyewe anakuwa tarakilishi: kila mama anapochagua namba, anaondoa kadi iliyopo na kuweka nyingine. Mama anaingiza namba ya uanachama, anachagua aina ya mkopo, anaandika kiasi. Anafika kwenye kadi inayomtaka aandike namba za wadhamini. Anaandika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kadi inayofuata inasema, “Ombi lako limepokelewa.” Mama anaikodolea macho.

“Mwanangu, na hawa watatu niliowaandika wamejua saa ngapi?”

“Watapata ujumbe, mama, mkopo ukishatolewa.”

“Ukishatolewa?”

Swali hilo halikuulizwa waraka uliposomwa, na sababu yake inafaa kuchunguzwa. Katika fomu ya karatasi iliyokuwa ikitumika, mdhamini alilazimika kufika na kutia sahihi mbele ya karani. Kila mwanakamati alilijua jambo hilo kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kulisema. Walipokutana na kitenzi kutaja, wao walisoma ndani yake ridhaa, sahihi na karani. Mwanaprogramu angesoma kutaja na kuunda nafasi tatu za kuandika namba, basi. Ikumbukwe kwamba mdhamini si shahidi tu. Mkopaji akishindwa kulipa, akiba ya mdhamini ndiyo inayofidia. Mfumo ambao ungejengwa kwa uaminifu kamili kufuata sentensi ile ungemwezesha mtu yeyote anayeijua namba ya jirani yake kuifunga akiba ya jirani huyo bila yeye kujua, na habari zingemfikia siku ya makato.

Marekebisho ya kwanza ni rahisi. Inaongezwa kadi inayokwenda kwa mdhamini: abonyeze 1 kukubali, 2 kukataa. Lakini kadi hiyo inazaa maswali ambayo hakuna aliyeyatarajia. Asipojibu, ombi lisubiri siku ngapi? Simu ikiwa mikononi mwa mtoto wake, nani amekubali? Jibu la swali la pili ni kudai namba ya siri kabla ya jibu lolote kupokelewa, jambo linalomlazimu kila mdhamini awe amesajiliwa katika huduma. Halafu linakuja swali gumu kuliko yote: mdhamini akikataa, je, mwombaji aonyeshwe jina lake? Kamati inagawanyika. Wako wanaosema mwombaji ana haki ya kujua ili atafute mwingine. Wako wanaosema kwamba watu hawa ni majirani, huchuma chai mashamba yanayopakana na huzikana, na kwamba jina likionyeshwa hakuna atakayethubutu kukataa, hata akiwa na sababu nzuri. Mwishowe wanakubaliana kwamba ujumbe utasema tu, “Wadhamini wako hawajatimia.” Uamuzi huo si wa kiteknolojia hata kidogo. Ni uamuzi wa staha, umefanywa na watu waliostahili kuufanya, na umefanywa kabla ya msimbo wowote kuandikwa. Kama swali hilo lingeachiwa mwanaprogramu aliye Nairobi, angelijibu usiku mmoja bila kujua kwamba ameulizwa jambo.

Gharama ya zoezi zima ni kadi, kalamu na chai ya wanakamati. Gharama ya kugundua kosa lilelile baada ya mfumo kuanza kutumika ni kuandika upya sehemu ya programu, kurejesha fedha za watu, na kupoteza imani ya wanachama, ambayo hairejeshwi kwa hundi.

Aina za vielelezo

Kadi za aina hiyo ni kielelezo cha karatasi. Faida yake kubwa ni kwamba mtu asiyejua tarakilishi anaweza kukichukua na kukisahihisha kwa kalamu yake mwenyewe. Kielelezo kikiwa kwenye skrini iliyonakshiwa, watu hukaa kimya au husifu rangi. Watengenezaji wa programu za kuchorea viunzi walilitambua hilo. Programu ya Balsamiq, iliyotolewa mwaka wa 2008, hutoa kwa makusudi mistari inayoonekana kama imechorwa kwa mkono, ili mtazamaji asidhani kwamba kazi imekwisha.

Wakati mwingine kielelezo si mchoro hata kidogo. Jeff Hawkins, alipokuwa akiwaza tarakilishi ndogo ya mfukoni ambayo hatimaye iliuzwa kwa jina la Pilot mwaka wa 1996, alichonga kipande cha mbao cha ukubwa aliokusudia, akakitia mfukoni na kutembea nacho. Mtu alipomuuliza kama ana nafasi siku fulani, alikitoa na kujifanya anaandika kwa kijiti. Mbao haikuwa na uwezo wa kukokotoa lolote, lakini ilijibu maswali ambayo hakuna hesabu ingeyajibu: je, kinaenea mfukoni, je, mtu anakumbuka kukitoa, je, anahitaji vibonye vingapi.

Mfano mwingine maarufu ni wa watafiti wa kampuni ya IBM waliochapisha matokeo yao mwaka wa 1983. Walitaka kujua kama watu wangeridhika na mashine inayoandika barua kwa kusikiliza sauti, mashine ambayo wakati huo haikuwepo. Mshiriki alisema maneno yake mbele ya kipaza sauti, na maneno yakatokea kwenye skrini. Asichokijua ni kwamba katika chumba kingine palikuwa na mpiga chapa hodari aliyekuwa akiyasikiliza. Mbinu hii ya mtu aliyejificha nyuma ya mashine ingali inatumika hadi leo, hasa na wale wanaobuni mifumo ya mazungumzo. Mchanganuzi anayetaka kujua wakulima watauliza nini wakipewa mfumo unaojibu kwa Kiswahili hahitaji kuujenga kwanza. Anahitaji simu, mtu msikivu wa kujibu, na ridhaa ya washiriki.

Ushahidi wa faida za vielelezo haukutokana na visa peke yake. Mwaka wa 1984 Barry Boehm na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambapo vikundi saba viliunda programu ndogo ya aina moja. Vikundi vinne vilianza kwa kuandika mahitaji kwa kirefu; vitatu vilianza kwa vielelezo. Programu za vikundi vya vielelezo zilikuwa na msimbo pungufu kwa takriban asilimia 40, zilichukua juhudi pungufu kwa takriban asilimia 45, na zilikuwa rahisi zaidi kujifunza na kutumia. Hata hivyo, zilipungukiwa kidogo kwa upande wa wingi wa kazi na uimara. Matokeo hayo yananukuliwa mara nyingi kwa nusu ya kwanza tu, jambo ambalo si la haki, kwa sababu nusu ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini maandishi hayajafa.

Hutofautishwa pia kielelezo cha kutupwa na kielelezo cha kukuzwa. Cha kwanza hufanywa haraka ili kujibu swali, kisha huwekwa kando. Cha pili hutengenezwa kwa uangalifu tangu mwanzo na huendelea kuongezwa hadi kiwe mfumo wenyewe. Frederick Brooks, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1975, aliwashauri wasimamizi wa miradi wapange kutupa toleo la kwanza kwa kuwa watalitupa wapende wasipende. Katika toleo la mwaka wa 1995 aliukosoa ushauri wake mwenyewe na kusema kwamba ulirahisisha mno mambo. Tatizo halisi mashirikani ni la tatu: kielelezo kilichofanywa ili kitupwe kinapendwa na mkubwa wa idara, na baada ya mwezi mmoja kinabeba data za wateja.

M-Pesa na mipaka ya karatasi

Hakuna mradi wa Kenya unaotajwa zaidi katika mjadala huu kuliko M-Pesa, na inafaa kuueleza bila kuutia chumvi. Wazo la awali lililoungwa mkono na kampuni ya Vodafone pamoja na ruzuku ya serikali ya Uingereza lilikuwa kuwawezesha wateja wa shirika la mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Mnamo Oktoba 2005 huduma hiyo ilianza kujaribiwa na Safaricom pamoja na shirika la Faulu Kenya, kwa wateja wachache, katikati ya jiji la Nairobi, Mathare na Thika. Fedha zilikuwa za kweli na simu zilikuwa za kweli. Kwa hiyo, kwa kutumia istilahi kwa usahihi, hilo halikuwa kielelezo bali majaribio ya huduma, ndugu ghali wa kielelezo.

Yaliyotokea hayakuwa kwenye waraka wa mahitaji. Watu walitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha mahali pamoja kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasitembee nazo. Wafanyabiashara waliitumia huduma kama kasha la kuhifadhi mapato usiku kucha. Kwa upande mwingine, shughuli yenyewe iliyokusudiwa, yaani ulipaji wa mikopo, ilileta usumbufu kwa kuwa hesabu za mfumo mpya hazikuoana vizuri na taratibu za shirika la mikopo. Huduma ilipozinduliwa nchini kote mwezi Machi 2007, kilichotangazwa hakikuwa mikopo. Wateja waliambiwa watume pesa nyumbani.

Je, kadi za karatasi zingeligundua hilo mapema? Si rahisi kuamini. Kiunzi na kielelezo huonyesha kama mtu ameelewa alichopewa na kama kilichosahauliwa ni kingi. Haviwezi kuonyesha atakitumia kufanya nini akikaa nacho miezi mitatu, na dhiki na shida zake za kila siku zikamfundisha matumizi ambayo mbunifu hakuyawaza. Mchanganuzi anayedai kwamba kielelezo kimemwonyesha soko anadai kuliko ushahidi wake.

Kiswahili kwenye skrini

Wabunifu wengi hujaza viunzi vyao maandishi ya Kilatini yaliyovurugwa, yanayotokana na kazi ya Cicero ya mwaka wa 45 K.K., ili mtazamaji aangalie mpangilio tu. Kwa mfumo utakaotumiwa kwa Kiswahili, desturi hiyo ni hasara tupu. Maneno ndiyo mpangilio. Neno la Kiingereza lenye herufi nne kwenye kitufe cha kutunza kazi linageuka kuwa hifadhi, lenye herufi saba. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na yambwa ndani ya neno moja: tutakutumia ni herufi kumi na moja, hujathibitisha ni kumi na nne, na hakuna nafasi katikati ambapo skrini nyembamba inaweza kulivunja. Katika menyu za simu za kawaida ufinyu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa skrini moja haizidi herufi 182, na ujumbe mfupi mmoja ni herufi 160. Kuandika swali la mkopo, machaguo manne na njia ya kurudi nyuma ndani ya nafasi hiyo, kwa Kiswahili ambacho mkulima hatakisoma mara mbili, ni zoezi la kubana lugha ambalo mshairi wa tarbia angelitambua.

Upatanisho wa kisarufi nao hufichuka hapa. Mwanaprogramu aliyezoea Kiingereza huunda ujumbe kwa kuacha tundu la nomino na tundu la idadi, akidhani sehemu nyingine ya sentensi haitabadilika. Katika mfumo wa maktaba, tundu hilo likijazwa kitabu, ujumbe unatakiwa kusema kimechelewa; likijazwa vitabu 3, vimechelewa; likijazwa jarida, limechelewa; likijazwa kanda, imechelewa. Kiolezo kimoja hakitoshi. Kielelezo kilichojazwa mifano halisi ya ngeli mbalimbali hulionyesha kosa hili kwa dakika chache, ilhali waraka wa mahitaji hauwezi kulionyesha kwa kuwa umeandika tu kwamba mfumo utamwarifu msomaji.

Yapo pia mambo ya saa na majina. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili huita saa mbili asubuhi ule wakati ambao mfumo hungoja uandikwe 8:00. Akipewa nafasi tupu ya kujaza miadi ya kliniki, anaweza kuandika 2:00, na mfumo ukampangia alasiri. Kasoro hii haionekani mpaka mtu wa kawaida apewe kalamu. Mchanganuzi aliyezoea tarakilishi haioni kwa sababu yeye hugeuza saa bila kujua kwamba anageuza. Kuhusu majina, viunzi hupenda kuwa na nafasi mbili nadhifu, la kwanza na la ukoo, ilhali Mkenya anaweza kuwa na majina matatu yasiyo na ukoo ndani yake, au jina lenye bin katikati. Na jina lenye ng’, kama Ng’ang’a, limewahi kukataliwa na mifumo mingi inayoichukulia alama ya ritifaa kuwa amri ya msimbo au kosa la mwandikaji. Kielelezo chenye data za majaribio kinapaswa kuwa na Ng’ang’a ndani yake tangu siku ya kwanza.

Hatimaye kuna istilahi zenyewe. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka wa 2004, ulionyesha kwamba lugha hii inaweza kubeba msamiati wa tarakilishi. Ugumu ulio wazi kwa yeyote aliyewahi kufasiri programu ni kwamba aghalabu mfasiri hupewa orodha ya vifungu bila kuona skrini vinapokaa. Neno moja la Kiingereza linaweza kuwa amri, fungua, au hali, wazi, na orodha haisemi ni lipi. Akipewa kiunzi, anaona. Zaidi ya hayo, kielelezo ni njia rahisi ya kuzijaribu istilahi kwa watu wasiozisomea. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua wasilisha na nywila; mkulima akisitasita mbele ya kadi yenye wasilisha na kuendelea mara moja kwenye kadi yenye tuma, mjadala wa istilahi umepata ushahidi ambao kamati za usanifishaji hazina budi kuuthamini.

Hatari

Kasoro kubwa ya kiunzi ni kwamba huonyesha uso tu. Hakisemi riba inakokotolewaje, nani anaruhusiwa kuona salio la nani, wala kitakachotokea wanachama wote wakipiga simu siku moja mwisho wa mwezi. Kikiachwa peke yake, kinageuka kisingizio cha kutoandika. Ndiyo maana wachanganuzi makini huambatisha kwenye kila kiunzi maelezo mafupi ya kanuni zinazokitawala, na kukipa namba na tarehe, ili toleo la tatu lisije likajengwa huku kamati ikikumbuka la kwanza.

Hatari ya pili ni ya data. Kielelezo hupita mikononi mwa watu wengi na huachwa kwenye meza na tarakilishi za kila aina. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 ianze kutumika nchini, kujaza kielelezo rekodi halisi za wanachama ili kionekane cha kweli ni kujitafutia balaa. Majina yabuniwe, na yabuniwe vizuri: marefu, mafupi, ya pwani, ya bara, yenye ritifaa.

Iliyobaki ni ya sahihi. Wenye shughuli hupenda kutia sahihi kwenye kielelezo kwa sababu kinaonekana, na mwanaprogramu hupenda sahihi hiyo kwa sababu inamlinda. Lakini katika chama kile cha wakulima, swali la siku ngapi mdhamini asubiriwe lilikuwa bado halijajibiwa wakati kadi zilipokusanywa, na lile la mdhamini anayefariki kabla mkopo haujalipwa halikuwa limeguswa. Waraka unaotiwa sahihi unafaa uwe na ukurasa wa maswali ya namna hiyo, kila swali likiwa na jina la mtu anayedaiwa jibu na tarehe ya kulitoa.